Wanaofundisha Moyo wa Kompyuta: Je, Nani Anawasindikiza?

Wiki chache kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa, alifika ofisini parokiani kijana mmoja ninayemfahamu tangu alipokuwa mtumishi wa altare. Leo ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja. Hakuja kuungama wala kuandikisha ndoa. Alikuja kuomba ukumbi wa parokia pamoja na zile kompyuta tano za zamani zilizomo, ili wanafunzi wake wapate mahali pa kufanyia mazoezi siku za Jumamosi. Nilipomuuliza ni somo gani, alicheka kidogo, akasema: “Padre, nimepewa Mpangilio na Usanifu wa Kompyuta. Nimepewa juzi.” Aliyekuwa akilifundisha alikuwa amehamia kwingine, na urithi pekee aliouacha ni mafaili ya slaidi yasiyo na maelezo, mengine yakiwa na michoro iliyonakiliwa vibaya kiasi cha kutosomeka. Yeye mwenyewe amebobea katika hifadhidata. Somo hili alilisoma mara moja tu, mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na alikiri kwamba alilifaulu kwa kukariri.

Nilimpa ukumbi. Hata hivyo swali lake lilibaki nami: mwalimu aliyekabidhiwa somo la namna hii, peke yake na kwa haraka, husaidiwa na nani? Mimi ni mtu wa falsafa na teolojia, si wa kompyuta, lakini nilifundisha kidogo seminarini na ninajua jasho la kuingia darasani ukiwa umetangulia wanafunzi kwa kurasa tatu tu. Nimejaribu kulifuatilia jambo hili, kwa msaada wa huyo kijana, na nimekutana na historia inayostahili kufahamika kwa wazazi wanaolipa ada na kwa wote wenye dhamana ya elimu ya juu.

Kwanza, somo lenyewe. Mzazi anapomlipia mtoto kusomea kompyuta, hudhani kwamba kijana anajifunza kuandika programu, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Lakini aghalabu katika mwaka wa pili mwanafunzi hukutana na somo linalomtaka aifungue mashine na kuuliza: inatiije amri ninazoipa? Usanifu ni ile ahadi ambayo kichakataji, yaani chipu inayofanya hesabu zote, kinampa mwandishi wa programu: ukinipa amri hii nitafanya hivi, namba zako utaziweka hapa, anwani za kumbukumbu utazihesabu hivi. Mpangilio ni namna ahadi hiyo inavyotimizwa kwa ndani, kwa transista na nyaya. Tofauti hii ilidhihirika kwa namna ya pekee tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM ilipotangaza familia ya kompyuta zake za System/360. Zilikuwa ni mashine za ukubwa na bei mbalimbali, zilizojengwa kwa ndani kwa namna tofauti, lakini zote zilisoma amri zilezile. Mteja aliyeanza na mashine ndogo aliweza kununua kubwa bila kuandika upya programu zake.

Waamini wataelewa haraka nikisema kwamba Mkristo anayetoka kigangoni, alikozoea kusali chini ya mwembe, akiingia Kanisa Kuu lenye kinanda na kwaya tatu, anajua la kuitikia na wakati wa kupiga magoti. Kilichoahidiwa ni kilekile, ingawa maandalizi yake kwa ndani yanatofautiana mno. Mfano huu una mipaka yake, ila kwa leo unatosha.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo penye utamu wake. Kichakataji hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Kichakataji cha kawaida cha siku hizi kinaweza kupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja. Katika muda wa pigo moja la namna hiyo, mwanga wenyewe husafiri takriban sentimita 10 tu. Kumbe, kwa kipimo hicho, kumbukumbu kuu ya kompyuta iko mbali sana na kichakataji: kuleta namba moja kutoka huko kunaweza kuchukua mapigo 200 hadi 300. Tukilifanya pigo moja kuwa sekunde moja, ni sawa na mpishi anayesimama kwa dakika tatu, nne, hata tano, akisubiri chumvi kila anapotaka kukoleza mchuzi. Ndiyo maana wahandisi huweka kumbukumbu ndogo ndogo karibu kabisa na kichakataji, kama mama anavyoweka kikopo cha chumvi kando ya jiko, pakiti nyingine kabatini, na akiba kubwa ikabaki dukani. Mwandishi wa programu asiyejua hili anaweza kuandika programu iliyo sahihi kabisa, na bado ikawa mzito mara kumi kuliko ya mwenzake aliyepanga vitu vyake vizuri.

Tena si suala la kasi tu. Mwanzoni mwa Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu uliopewa majina ya Meltdown na Spectre, uliogusa vichakataji vingi mno duniani. Kwa miaka mingi vichakataji vimekuwa vikibahatisha: badala ya kusubiri kujua programu itaelekea wapi, kinakisia njia, kinatangulia kufanya kazi, na kikigundua kimekosea kinafuta yale yote na kurudi nyuma. Kwa mujibu wa usanifu, ahadi ilikuwa imetimizwa, kwa sababu kilichofutwa hakikuonekana popote. Lakini kwa ndani, kule kwenye kikopo cha chumvi, kubahatisha kuliacha alama: namba fulani sasa ilikuwa karibu, nyingine mbali, na kwa kupima muda mtu mwenye nia mbaya aliweza kukisia siri za programu nyingine. Wataalamu wa programu waliokuwa wamezoea kusema kwamba mambo ya ndani ya chipu hayawahusu, walijikuta wakirudi kwenye daftari za mwaka wa pili. Katika nchi ambazo mshahara, ada na hata sadaka vinapita katika simu ya mkononi, si haba kujiuliza ni nani aliyewafundisha vijana wanaotunza mifumo hiyo.

Basi kwa nini somo hili linawashinda walimu wengi? Mosi, kinachofundishwa hakionekani. Mwalimu wa biolojia ana darubini; mwalimu wa somo hili ana kipande cheusi cha plastiki na mchoro wa masanduku yaliyounganishwa kwa mishale. Pili, ugumu wake umejificha mahali pasipotarajiwa. Kijana wangu alinipa mfano ambao nadhani kila mwalimu mzoefu wa somo hili ataucheka. Mwanafunzi anataka kujumlisha orodha ya namba zilizopangwa katika kumbukumbu, moja baada ya nyingine. Anasoma ya kwanza, kisha anaongeza anwani kwa 1 ili aifikie ya pili. Anapata takataka. Sababu ni kwamba anwani za kumbukumbu huhesabu baiti, na namba moja ya kawaida hukalia baiti 4. Kumbe namba inayofuata iko hatua 4 mbele. Ni jambo dogo, lakini nyuma yake kuna dhana nzima ya mwanafunzi kuhusu kumbukumbu ni nini. Mwalimu mgeni humpa msalaba wa kosa na kuendelea. Mwalimu aliyelifundisha somo mara tano hulitegea kosa hilo, huliacha litokee mbele ya darasa lote, kisha huanza kufundisha kutokea hapo. Ujuzi wa namna hii haumo katika slaidi za mtu aliyehama.

Tatu, afundishe mashine ipi? Akichukua kichakataji kilichomo katika kompyuta iliyopo mezani, atakutana na vitabu vya maelekezo vyenye kurasa maelfu kadhaa. Kumbe, kwa miongo kadhaa sasa walimu wamekimbilia usanifu mdogo na safi, unaoweza kuingia kichwani mwa kijana katika muhula mmoja. Na hapa ndipo historia ya kusaidiana inapoanza.

Itakumbukwa kwamba katika miaka ya 1970 elimu ya kubuni chipu ilikuwa imefungiwa ndani ya kampuni chache. Vyuo vikuu havikuwa na viwanda, na majaalimu wengi hawakuwahi kubuni chipu hata moja. Lynn Conway, wakati huo akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, pamoja na Carver Mead wa Taasisi ya Teknolojia ya California, walianza kuandika kitabu cha kulifungua fumbo hilo. Walipunguza kanuni nyingi za viwandani hadi zikabaki chache, zote zikipimwa kwa kizio kimoja tu, ili mchoro wa mwanafunzi usipitwe na wakati kila viwanda vinapojifunza kutengeneza transista ndogo zaidi. Kitabu hicho, Introduction to VLSI Systems, kilichapishwa rasmi mwaka 1980. Ni kweli kwamba lilikuwa somo jirani, la kubuni chipu zenyewe, na wengi waliolisoma walikuwa wa shahada za juu. Lakini namna walimu wake walivyosaidiwa ndiyo inayonivutia.

Katika muhula wa vuli wa mwaka 1978 Conway alikwenda kulifundisha somo hilo katika chuo cha MIT huko Massachusetts. Yeye mwenyewe amesimulia baadaye kwamba aliingiwa na hofu. Hakuwa na uzoefu mkubwa wa darasani, na aliogopa kusimama mbele ya wanafunzi na ulimi ukamkauka. Kwa sababu ya hofu hiyo aliandika mihadhara yake yote kwa mkono, neno kwa neno, mchoro kwa mchoro, mfano kwa mfano, asiache nafasi ya kukwama. Wanafunzi walijifunza, kisha kila mmoja akabuni mradi wake. Michoro ilitumwa California kupitia mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti ya leo, ikaunganishwa pamoja, na chipu zikatengenezwa katika karakana ya kampuni ya Hewlett-Packard huko Palo Alto. Mwezi Januari 1979 wanafunzi walikuwa wameshika mikononi chipu walizobuni wao wenyewe.

Yale maandiko yaliyozaliwa kwa hofu ndiyo yaliyofanya kazi kubwa zaidi. Yalichapwa na kusambazwa kwa majaalimu wa vyuo vingine kama mwongozo wa mwalimu, na mtu ambaye hajawahi kubuni chipu aliweza kuyachukua na kulifundisha somo zima, akijua wiki ya tatu aseme nini na wiki ya saba atoe zoezi lipi. Mwaka 1979 vyuo vikuu 12 vilitoa somo hilo kwa pamoja na kutuma miradi ya wanafunzi wao mahali pamoja. Kutengeneza chipu moja ni gharama kubwa mno, lakini miradi mingi ikipangwa katika bamba moja la silikoni gharama hugawanyika, kama wakulima wanaokodi lori moja kupeleka magunia yao sokoni. Tangu tarehe ya mwisho ya kupokea michoro hadi chipu kurudishwa zilipita siku zisizofika 30. Mwaka 1981 utaratibu huo ukawa huduma ya kudumu iitwayo MOSIS, chini ya taasisi ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kwa ufadhili wa serikali ya Marekani. Miaka michache baadaye somo hilo lilikuwa likifundishwa katika vyuo vikuu zaidi ya 100.

Miongoni mwa waliofaidika na mkondo huo walikuwa wanafunzi wa David Patterson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuanzia mwaka 1980, wakiwa bado darasani, walibuni kichakataji kilichoitwa RISC I, chenye transista takriban 44,000 na amri chache tu zilizo rahisi. John Hennessy na wenzake wa Stanford walikuwa wakifanya kazi inayofanana na hiyo, waliyoipa jina la MIPS. Wawili hao, waliokuwa washindani, baadaye waliketi pamoja kuandika vitabu: cha mwaka 1990 kwa wanafunzi waliokwisha kupiga hatua, na cha mwaka 1994, Computer Organization and Design, kwa ajili ya shahada ya kwanza. Vitabu hivyo vilibadilisha ufundishaji. Kabla yake ilikuwa kawaida kulisimulia darasa mashine moja baada ya nyingine, kama mtu anayeonyesha wageni wanyama mbugani. Hennessy na Patterson walimtaka mwanafunzi apime, akokotoe, na aseme kwa namba kwa nini uamuzi huu ni bora kuliko ule. Walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2017. Mimi nisingelisahau pia jambo linalotajwa mara chache: kitabu cha shahada ya kwanza kilikuja na maswali mengi mwishoni mwa kila sura, na mwalimu aliandaliwa majibu na michoro ya darasani. Aliyewahi kutunga mtihani saa sita usiku anajua thamani yake.

Hata hivyo kitabu kinafundisha usanifu wa MIPS, na katika meza ya mwanafunzi hakuna mashine ya MIPS. Pengo hili lilizibwa na walimu wa kawaida kabisa, wengi wao katika vyuo visivyotajwa magazetini. James Larus alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin aliandika SPIM, programu inayoigiza kichakataji hicho ndani ya kompyuta yoyote. Miaka ya 2000 Pete Sanderson na Ken Vollmar wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Missouri waliandika nyingine iitwayo MARS, wakiwalenga wanafunzi moja kwa moja: unaandika amri, unabofya hatua moja, na unaona rejista gani imebadilika na namba gani imeingia. Hatua moja, kisha nyingine. Unaweza hata kurudi nyuma kuona ulipokosea. Haina malipo, na kwa kuwa inahitaji programu ya Java tu, inakimbia hata katika zile kompyuta tano za ukumbi wetu, ambazo fundi wa parokia alikwisha kuzikatia tamaa.

Kwa upande wa saketi kuna Logisim, chombo cha kuchora milango ya mantiki na kuona umeme wa kufikirika ukipita. Aliyeiandika ni Carl Burch, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohane huko Minnesota, chuo cha watawa Wabenediktini, wa familia ileile ya Mtakatifu Benedikto tunayoifahamu kwa Ndanda na Peramiho. Kwa zaidi ya mwaka kumi walimu wa mataifa mengi waliitegemea kazi ya mtu huyu mmoja. Mwaka 2014 alitangaza kwamba hataiendeleza tena. Nani angemlaumu? Ana wanafunzi wake, ana maisha yake. Kwa bahati njema alikuwa ameiacha wazi, na walimu wa vyuo kadhaa vya Uswisi walikuwa na toleo lao walilolikuza, Logisim-evolution, ambalo linaendelea hadi leo. MARS nayo imepata ndugu, RARS, inayosoma usanifu mpya wa RISC-V. Lakini nilibaki nikitafakari ni vyombo vingapi vya ufundishaji vinavyoning’inia juu ya uzi wa mtu mmoja asiyelipwa kwa kazi hiyo.

Mintarafu RISC-V, maneno machache. Mwaka 2010 watafiti wa Berkeley, Krste Asanović na wanafunzi wake, walihitaji usanifu wa kutumia katika utafiti na kufundishia. Sanifu zilizokuwepo zilikuwa mali ya kampuni, zenye leseni na masharti, au zilikuwa zimelundikana mno. Wakaamua kutengeneza wao wenyewe, wenye amri za msingi takriban 40, na kuuacha wazi kwa yeyote. Leo unatumika viwandani pia, na kitabu cha Patterson na Hennessy kina toleo lake tangu mwaka 2017. Mwalimu wa somo hili, popote alipo, anaweza kusoma hati yake yote bila kulipa hata senti moja.

Kuna jambo moja ambalo chombo wala kitabu havitoi, nalo ni mtu wa kumuuliza. Mwaka 2000, katika mkutano wa walimu wa kompyuta uliofanyika Helsinki, Finland, kikundi kazi cha walimu kutoka nchi mbalimbali, akiwemo Lillian Cassel wa Villanova, chuo kikuu cha Waagostiniani huko Pennsylvania, kilikaa kulitafakari suala hili hasa. Waliona kwamba somo la mpangilio na usanifu mara nyingi huangukia mikononi mwa watu ambao si wabobezi wake, hususan katika vyuo vidogo ambako mwalimu mmoja hubeba masomo mengi. Hoja yao ilikuwa kwamba utaalamu usiokuwepo katika chuo kimoja upo, umetawanyika katika vyuo vingi, na kazi iliyopo ni kutafuta namna ya kuufikisha kwa yule anayeuhitaji. Kadhalika, tangu miaka ya 1990, imekuwepo warsha ya walimu wa usanifu wa kompyuta, ambayo hufanyika kando ya mikutano mikubwa ya watafiti wa fani hiyo, ambamo mwalimu husimama na kueleza zoezi gani lilifaulu na lipi lilianguka.

Kwetu hapa bado naona upungufu mkubwa. Kijana wangu alikuwa na MARS tangu siku ya kwanza. Alikuwa na kitabu, ingawa cha toleo la zamani. Intaneti anayo, ikiwepo. Alichokosa ni mwenzake wa kumpigia simu na kumwambia: “Kaka, wanafunzi wangu hawaelewi kwa nini kichakataji kinaanza amri ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, wewe unafanyaje?” Na alichokosa zaidi ni muda. Utaratibu wa kumhamisha mwalimu kutoka somo hili kwenda lile kila mwaka unaweza kuwa na sababu zake katika ratiba, lakini kwa somo la aina hii ni hasara tupu. Mwaka wa kwanza mwalimu anajifunza somo; mwaka wa pili anajifunza makosa ya wanafunzi; ni mwaka wa tatu ndipo anapoanza kufundisha. Ukimtoa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, umetupa kila kitu na kuanza tena na mtu mwingine mwenye slaidi zisizosomeka. Wakuu wa idara wanaosoma makala hii watanisamehe kwa kuingilia mambo yao.

Nilihudhuria kipindi kimoja cha Jumamosi ukumbini, nikiwa nimekaa nyuma na breviari yangu. Umeme ulikuwa umekatika, na nilidhani ataahirisha. Badala yake aliwasimamisha wanafunzi saba. Mmoja akawa kumbukumbu kuu, akapelekwa mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa jikoni, na karatasi zenye namba. Wanne wakawa rejista, kila mmoja na kipande cha ubao. Mmoja akawa wa kujumlisha. Wa saba alisoma amri kwa sauti. Kila amri ya kuleta namba ilipotolewa, msichana aliyekuwa kumbukumbu kuu alitembea urefu wote wa ukumbi akiwa na karatasi moja, huku wengine wote wakimsubiri wamesimama. Alipofika safari ya sita alichoka, akasema: “Mwalimu, kwa nini nisilete karatasi nne kwa mpigo nikaziweka hapa kwenye kiti?” Ukumbi mzima ulicheka. Kijana hakucheka. Aliandika ubaoni jina la alichokuwa amekivumbua, kisha akamuuliza swali gumu zaidi: kiti kikijaa, utaondoa karatasi ipi? Walibishana hadi umeme ukarudi, na hawakuutaka.

Jioni hiyo, wakati wa kufunga ukumbi, nilimwona akiandika katika kaunta buku lake kila kitu kilichotokea: nani alisimama wapi, amri zilikuwa zipi, swali liliulizwa dakika ya ngapi, na lipi angelibadili mwaka ujao. Nilimsimulia habari za Conway na mihadhara yake ya hofu, alikuwa hajazisikia. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba dada mmoja anayefundisha somo hilohilo katika chuo kingine, ambaye walikutana kwenye harusi ya rafiki yao, amemwomba ruhusa ya kupiga picha kurasa hizo. Amekwisha kumtumia 40 za kwanza, na ameomba parokia iendelee kumwachia ukumbi hadi muhula wa pili.